Nina miaka 49: je, wakati wa kujipamba umenipita?

Swali

Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mke na mama wa watoto wanne, naishi Tanga, nina miaka 49. Mume wangu hatugombani, lakini miaka hii ya karibuni tunakaa kama ndugu. Anarudi dukani, anakula, anatazama taarifa ya habari, analala. Mama mkwe ninaye nyumbani, namwogesha na kumlisha, na mjukuu mmoja analelewa hapo hapo. Nilifika mahali nashinda na kanga moja iliyochakaa, inanuka vitunguu mpaka usiku. Mwaka huu nikaamua kujirudi. Nikashona madera mawili, moja la rangi ya chungwa, nikafukiza udi chumbani, na kwa kuwa mvi zimenijaa mbele nikatia piko, ile rangi nyeusi ya nywele. Binti yangu wa miaka 23 akasema, "Mama, hilo dera si la umri wako." Wifi yangu akaniita mtu mzima ovyo mbele za watu, akauliza mwanamke anayekaribia miaka 50 anajipamba kwa nani. Mume wangu alikuwapo, akanyamaza. Tena lile piko likanivimbisha kipaji na masikio siku tatu, nikadhani ni adhabu. Je, dini inanitaka nivae nyeusi na kujiweka kando? Mvi nizifanyeje? Na damu yangu siku hizi haina mpango, mara inakosekana miezi mitatu, mara inatoka siku 20, swala zimenivurugika na naona haya kumwuliza mtu.

Jibu

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili niliisoma polepole, kwa sababu najua wako wengi wenye swali hili ambao hawataliandika.

Wifi yako ameuliza unajipamba kwa nani. Swali hilo limekwisha kujibiwa katika Suratun Nur, aya ya 31. Mwenyezi Mungu amewakataza wanawake waumini kuonyesha mapambo yao, kisha akawataja wale ambao hakuna kosa kuonyeshwa, na wa kwanza kutajwa ni waume zao. Baada yao wakaja baba, baba wa waume, watoto na wengineo. Isome aya ile mwanzo hadi mwisho, hutakuta ndani yake umri wa mke. Mke wa miaka 20 na mke wa miaka 49 wamo katika neno moja. Anayesema pambo lina mwisho wake mwanamke akipata mjukuu, ameongeza sharti ambalo Mola wake hakuliweka.

Nikupe kisa cha Ummu Salama, mmoja wa wake wa Mtume, radhi za Allah ziwe juu yake. Mumewe, Abu Salama, alijeruhiwa katika vita vya Uhud, jeraha likaonekana kupona, kisha likamrudia akafariki. Akabaki mjane na watoto. Eda ilipokwisha, Mtume, rehema na amani zimshukie, akamposa. Ummu Salama hakuificha hali yake. Alisema ana wivu mkali, ana watoto wa kulea, na umri umekwenda. Mtume akamwambia kwamba wivu atamwombea Mwenyezi Mungu amwondolee, watoto wake ni watoto wake yeye pia, na kuhusu umri, yaliyomfika yeye Ummu Salama yamemfika na yeye Mtume.

Naomba ulitafakari hilo jibu la tatu. Hakumbembeleza kwa kumwambia bado ni kijana, wala hakujifanya hakuona. Alikubali kwamba umri umekwenda, kisha akajiweka naye upande huo huo. Miaka haipiti juu ya mwanamke peke yake, nyumba nzima inakua pamoja. Kwetu huku Pwani mume akiota mvi watu humwita mzee kwa heshima na hata kumtajia mke mwingine, na mkewe mwenye mvi zile zile huambiwa akae kando. Hayo tumeyazoea tu, na mazoea yetu hayana hoja mbele ya Sunna.

Najua baadhi ya watu watakutajia aya ya 60 ya sura hiyo hiyo, inayowazungumzia wanawake waliokaa, wasiotaraji tena kuolewa. Nataka uielewe vizuri kwa sababu huwa inasomwa kinyume. Aya ile imekuja kupunguza uzito. Inasema hapana lawama juu yao wakivua nguo zao za juu bila ya kujishaua kwa mapambo, na kujistahi ni bora kwao. Maana yake sheria inamlegezea mwanamke kadiri umri unavyosonga, nasi kwa mila zetu tunamkazia. Wewe hujafika huko, una mume na damu bado inatoka, kwa hiyo mipaka ya stara ukiwa nje ni ile ile uliyokuwa nayo siku zote. Lakini hakuna mpaka mpya ulioongezewa.

Na nyeusi, dada yangu, haikufaradhishwa. Katika Sahihi Bukhari imepokewa habari ya mwanamke aliyekwenda na shida yake ya ndoa nyumbani kwa Mtume, na Bibi Aisha akaeleza kuwa alikuwa amevaa mtandio wa kijani. Hakuna aliyemkemea kwa rangi ile. Kinachotakiwa nje ni nguo isitiri, isibane, isiwe nyepesi ya kuonyesha mwili, na isiwe imevaliwa kwa ajili ya kuwavuta wanaume wa nje. Dera lako la chungwa, kwa jinsi madera yalivyo mapana, ndani ya nyumba halina neno hata kidogo, na ukitoka, vaa buibui juu yake au mtandio mpana wa kutosha. Udi na marashi yenye kusambaa yaache chumbani, kwa kuwa imekatazwa mwanamke kujitia manukato kisha akapita kwa wanaume wayanuse.

Sasa nimgeukie mumeo, maana katika barua nzima jambo lililoniumiza zaidi ni lile neno "akanyamaza".

Salman Al-Farisy, sahaba wa Mtume, alikwenda kumtembelea ndugu yake katika dini, Abu Dardai. Akamkuta mkewe, Ummu Dardai, amevaa nguo za ovyo, hajajijali. Akamwuliza, una nini wewe? Akajibu kwamba ndugu yako Abu Dardai hana haja na dunia. Salman hakuanza kumwusia Ummu Dardai avae vizuri. Alibaki pale mpaka Abu Dardai aliporudi, akamfungulisha saumu yake ya sunna, akamzuia usiku asiswali usiku mzima, na alfajiri akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahali zako wana haki juu yako, mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume akasema Salman amesema kweli. Nguo ya mke imechakaa, na anayeulizwa ni mume. Ndivyo Salman alivyouona ugonjwa, na ndivyo nasi tungepaswa kuuona tunapomkuta mama wa nyumba na kanga ya vitunguu mpaka usiku. Wewe umemwogesha mama yake. Yeye alikuwa na deni la kusema neno moja tu mbele ya dada yake: "Anajipamba kwa ajili yangu, na mimi nimependa."

Mpe barua hii aisome. Ibn Abbas, sahaba na binamu yake Mtume, alikuwa akisema anapenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama anavyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake, na akaitoa hoja yake katika aya ya Suratul Baqara inayosema wanawake wana haki kama zile zilizo juu yao, kwa wema. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akianza na nini anapoingia nyumbani, akasema mswaki. Mume anayerudi na jasho la duka akaketi kwenye televisheni, kisha akalalamika moyoni kwamba mkewe hana mvuto, ajitazame kwanza. Na haya nayasema kwa waume wote wa rika letu, kwa sababu hotuba zetu za ndoa zimezoea kumwelekea mwanamke.

Somo na kungwi wa huku kwetu humkalisha bibi harusi siku kadhaa, wakamsinga kwa liwa, wakamfundisha kufukiza nguo na kutunga asumini na vikuba. Ni elimu nzuri na nyingi yake haina ubaya kisheria. Ila hutolewa mara moja, msichana akiwa na miaka 20 na kitu. Hakuna anayemrudia mwanamke miaka 25 baadaye, wakati mwili umebadilika na uchovu umeongezeka, akamwambia haya bado ni yako. Ninyi akina mama wa mtaa mmoja mnaweza kukumbushana. Ikifanywa kwa nia ya kuilinda ndoa na kumridhisha Mola, nataraji ni ibada.

Kuhusu mvi. Imekuja hadithi ya kukataza kuzing'oa, kwa kuwa ni nuru ya Muislamu, kwa hiyo usizing'oe hata kama ni chache. Kuzibadilisha rangi kunaruhusiwa, bali kumesuniwa. Siku ya kufunguliwa Makka, Abu Quhafa, baba yake Abubakar, aliletwa na kichwa na ndevu nyeupe kama maua ya mti uitwao thaghama. Mtume akasema zibadilisheni kwa kitu, na jiepusheni na nyeusi. Akasema pia kwamba bora ya mnavyobadilishia mvi ni hina na katam, na katam ni mmea ambao ukichanganywa na hina hutoa rangi ya kahawia iliyokolea.

Nyeusi tupu ndiyo yenye mjadala. Imamu Nawawi ameandika kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi imeharimishwa, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Ametaja hapo hapo kwamba Is-haq bin Rahwayh, mwanachuoni wa zamani, alimruhusu mwanamke anayejipamba kwa ajili ya mumewe. Kwa hiyo aliyewahi kuipaka kwa kuifuata kauli hiyo hatuwezi kumtia katika ufasiki. Mimi nakushauri ubaki na hina, au hina na katam ukiipata, na hapo utakuwa umetoka kwenye khitilafu. Hina haizuii udhu, maana inaacha rangi bila tabaka juu ya nywele.

Lakini kwako wewe suala la piko limekwisha kabla ya kufika kwenye khitilafu. Kuvimba kule si adhabu, ondoa dhana hiyo moyoni. Piko la kopo hutiwa kemikali ya kukoza rangi haraka, ambayo madaktari wa ngozi huitaja kwa herufi PPD, na iko miili inayoikataa. Mwili ukishaikataa mara moja, mara ya pili huweza kuwa vibaya zaidi, macho yakafunga hata pumzi ikabana. Kujidhuru ni haramu, basi usilirudie, si kichwani wala mikononi siku ya harusi. Jihadhari hata na hina inayouzwa ikiwa nyeusi tayari, kwa sababu hina ya majani haitoi rangi nyeusi. Twanga majani mwenyewe au nunua kwa mtu unayemjua.

Umeitaja damu mwishoni na kwa haya, kumbe ndilo jambo la kuharakishia zaidi, kwa kuwa swala haingoji. Katika umri wako kuvurugika kwa siku ni jambo la maumbile, hedhi inakaribia kukoma. Kwa madhehebu yetu hedhi haipungui usiku na mchana mmoja, haizidi siku 15, na siku za usafi baina ya hedhi mbili hazipungui 15. Kwa hiyo ikikosekana miezi mitatu, unaswali na kufunga miezi yote mitatu bila wasiwasi. Ikija ikakatika ndani ya siku 15, yote ni hedhi. Ikivuka siku 15, kama kwako ilivyofika 20, hapo imeingia istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi. Kama damu ina namna moja tu, huwezi kutofautisha nzito na hafifu, rudi kwenye ada yako ya zamani: ulikuwa na siku saba, basi saba za mwanzo ndizo hedhi, na 13 zilizobaki ulikuwa na wajibu wa swala. Zilipe kidogo kidogo kadiri ya uwezo wako. Siku za namna hiyo zikirudi, siku za ada zikiisha oga josho la hedhi, kisha kila wakati wa faradhi ukiingia jisafishe, jifunge vizuri, tia udhu na uswali hapo hapo hata kama damu inatoka. Ukiona rangi mbili, andika siku za kila moja, uniandikie tena nikutazamie. Na nenda hospitali. Damu ya siku 20 inahitaji kuangaliwa na daktari, na kutafuta tiba ni katika dini.

Mwambie mumeo na hili pia. Lile joto la ghafla usiku, usingizi kukatika, hasira za karibu, mara nyingi ni mwili unaobadilika. Wanaume wengi hawalijui, wakadhani mke amechoshwa nao.

Binti yako usimkasirikie. Amekuona miaka yote katika hali moja, na wewe ndiye kioo chake cha namna mwanamke anavyozeeka. Siku ukienda dukani kununua kitambaa kingine, mchukue mkachague pamoja, kwa kiasi, maana aya inayotuamrisha kuchukua pambo letu inakataza na israfu hapo hapo. Mwache aiguse nguo, aseme anavyoona, kisha uchague rangi unayoipenda wewe.

Wallahu a'lam.