Mamangu aliipeleka nati kwa sonara

Wiki hii mwatuuliza ati kito kisicho na dhahabu chaweza kubeba penzi? Mie nlipoona ile picha mloweka, bangili ya Otto Künzli yule Mswisi, ya mpira mweusi aliyoifanya 1980, ati ndani mna tufe la dhahabu na huwezi kuliona mpaka uukate mpira, nlicheka peke yangu. Mamangu angeitia wembe palepale. Na jina lenyewe Dhahabu Hupofusha! Angesema mwacheni aje Mombasa atupofushe basi.

Kwetu dhahabu si pambo tu jamani, ni akiba. Mume akikugeuka una bangili zako mkononi, wenda kwa sonara watoka na karo ya watoto. Kwa hivyo nlikaa hapa niandike hapana.

Lakini sasa. Mume wangu wakati anaposa alikuwa welda kule Mbaraki, akanifanyia pete kwa nati ya stenles, kaipiga tupa na msasa wiki nzima mpaka yang'ara, zile pembe sita kaziacha makusudi. Nkaivaa. Mamangu akaiangalia kimya, asubuhi yake akaniambia vaa buibui twende. Mji wa Kale, kwa sonara wake wa miaka yote. Wallahi nlitaka ardhi inimeze. Yule mzee akaipokea kama kapewa kidani cha bi harusi, akaiweka kwa mizani, akaandika uzito kwa karatasi (wa nini sasa?), akaisugua kwenye lile jiwe lake jeusi la kupimia dhahabu, akadondosha asidi, tone moja, tukangoja sote watatu kama twangoja mwezi. Kisha akasema, "Haina bei hii, bi mkubwa."

Mamangu akanigeukia, "Wasikia?"

Mzee wala hakumuangalia. Akapitisha kidole kwa ndani, akasema hapa itamkwaruza, akatoa tupa ndogo akaanza kuisawazisha polepole, robo saa nzima, mamangu afungua pochi yeye akataa, afungua tena akataa. Njiani hatukusema neno. Mpaka leo sijui alimaanisha bei ipi.

Yani naandika huku naiangalia, mwaka wa 11 huu. Haya, chaweza. Ila nami niseme ukweli, mimba ya pili vidole vilifura, muuguzi katumia sabuni wapi, kile kikataji chao cha pete ni cha kukatia dhahabu, stenles chaiparuza tu, mwisho akanizungushia uzi kidole kizima ndipo ikatoka, na ngozi juu. Kwa hivyo chaweza, lakini vaeni na bangili mbili za dhahabu mkono wa pili, na ukishika mimba ivue mapema.

Na binti yangu akiletewa nati tutaenda kupima vilevile. Yule mzee keshafariki, itabidi nitafute sonara mwengine mwenye tupa ndogo.