Kabla hujamruhusu fundi atoe thamostati

Juzi nimepokea ujumbe wa dada mmoja wa Makambako. Amenunua Toyota Corona Premio, zile za kabla ya 2001, na kila akipandisha mlima mshale wa joto nao unapanda. Fundi wake amemwambia dawa ni kutoa thamostati, kile kifaa kinachofungulia maji ya injini yaende kwenye rejeta yakishapata joto, "ili maji yatembee vizuri". Anauliza akubali?

Dada yangu, ujumbe wako nimeusoma nikiwa dukani Mwanjelwa, Mbeya, nikamwacha mteja amesimama na kitenge mkononi. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2021, nikayakubali, na mpaka leo yananiuma.

Gari langu ni kama lako, Premio yenye injini ya 7A. Nililinunua kwa dalali kwa milioni 5.8, fedha ya miaka minne ya biashara. Mwaka wa kwanza halikunisumbua. Wa pili likaanza kuchemsha nikitoka Uyole kupandisha kuelekea Tukuyu. Fundi wangu wa hapa mjini akaniuzia rejeta, ile inayopoza maji ya injini, 140,000. Likachemsha. Akabadilisha wota pampu, inayosukuma maji hayo, 65,000. Likachemsha. Mwisho akachukua 15,000 ya kutoa thamostati, na nilipouliza tatizo hasa ni nini, akanijibu, "Mama, gari za zamani ndivyo zilivyo."

Nikakaa nalo hivyo hivyo. Asubuhi za Juni hapa Mbeya, baridi unaijua, mshale haukunyanyuka kabisa. Nikafurahi, nikadhani limepona, kumbe injini ilikuwa inafanya kazi ikiwa baridi. Injini ikiwa baridi kompyuta ya gari huongeza mafuta, kwa hiyo petroli ya 30,000 ambayo ilikuwa inanifikisha Ijumaa ikawa inaisha Jumatano, na plagi zikawa nyeusi kama mkaa.

Agosti nikamfuata mama yangu Morogoro, alikuwa ametoka kutibiwa. Kurudi tulisimama Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, tukaanza kupanda mlima Kitonga jua likiwa la utosi. Mbele yetu lori la Zambia, nyuma lori jingine, mwendo ni wa miguu, kona baada ya kona, na kiyoyozi nimewasha kwa ajili ya mama. Mshale ukaanza kupanda. Pa kupita hapakuwepo, pa kusimama ni padogo. Nilipopata upenyo boneti ilikuwa tayari inatoa mvuke. Utingo mmoja wa lori, kwa nia njema kabisa, akaleta dumu la maji baridi, na mimi kwa hofu nikayamimina juu ya injini ya moto.

Hapo ndipo nililimaliza gari langu. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupinda au kupasuka.

Kuvutwa hadi Iringa mjini 180,000. Fundi mzee wa pale alichomoa kijiti cha oili akanionyesha: rangi ya chai ya maziwa, maana maji yamechanganyika na oili. Hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, imepinda, na gasketi inayoziba chini yake imekufa. Gasketi 45,000, kuchonga hedi 70,000, oili na filta 75,000, ufundi 200,000. Siku tatu mama yangu mgonjwa analala nyumba ya wageni. Jumlisha na zile 220,000 za Mbeya, unapata 790,000.

Sasa sikiliza alichokikuta yule mzee. Rejeta ilikuwa mpya, ila mfuniko ulikuwa ule ule wa zamani. Fundi wangu alihamisha mfuniko uliochoka akaufunga kwenye rejeta mpya. Mpira wake umekauka, springi imelegea.

Mfuniko wa rejeta kazi yake ni kubana presha, na maji yaliyobanwa hayachemki upesi. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji ya sufuriani huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Dar. Mfuniko mzima unabana hadi maji yavumilie nyuzi 115 hivi. Mfuniko mbovu, maji ya rejeta yanakuwa kama ya sufuriani. Na thamostati, katika injini nyingi za Toyota, ikifunguka inaziba pia njia ya mkato ambayo maji hupita bila kufika kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani. Ndiyo maana mlimani lilichemsha kuliko mwanzo.

Mfuniko mpya 15,000. Thamostati 35,000. Koolanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, madumu mawili 50,000. Laki moja tu. Tangu hapo nimepanda Kitonga mara sita na Kyela naenda kila mwezi. Mshale haupiti katikati, nasema hivi kwa kifua mbele.

Kwa hiyo dada, usikubali. Anza na mfuniko: soma namba ya presha iliyoandikwa juu yake, wangu ni 0.9, nunua wa namba hiyo hiyo. Kisha hakikisha feni inawaka injini ikipata joto. Acha maji ya mtoni, weka koolanti, maana maji ya mtoni yanaleta kutu na kutu inaziba rejeta. Likikuchemkia njiani zima kiyoyozi, washa hita hata kama utatoka jasho, egesha, zima injini, usiguse mfuniko kwa saa nzima.

Bushi, shokapu na breki nazo zitakuja, lakini hizo zinakupigia kelele mapema. Joto halipigi kelele.

Na wanawake wenzangu, msiache gari gereji mkaondoka. Simama pale. Uliza kifaa kinachotolewa kimekutwa na ubovu gani, ukishike mkononi, uondoke nacho. Fundi anayejua kazi yake hachukii swali. Yule mzee wa Iringa aliniita mwenyewe niiname nitazame. Asikwambie mtu kwamba gari la zamani ndivyo lilivyo. Hilo si jibu, na wewe umelipa fedha upate jibu.

Ukishabadilisha mfuniko, pandisha nalo mlima mmoja asubuhi na mmoja mchana, uniandikie mshale umeishia wapi. Kama bado unapanda, tutaangalia feni.