Maswali yenu: Kumaliza mapema

*Assalaam alaykum dokta. Nimeoa mwezi uliopita. Kila nikikutana na mke wangu namaliza kabla sijahesabu hata thalathini. Ndiyo maradhi? (Bwana harusi, Wete)*

Waalaykumu salaam mwanangu, na hongera. Mwezi mmoja hautoshi kukuita mgonjwa. Ugeni, hamu ya siku nyingi, chumba cha ukweni kinachopitisha sauti, vyote hivyo vinaharakisha. Maradhi ni pale mtu anapomaliza ndani ya dakika moja hivi, karibu kila mara, kwa miezi sita au zaidi, hawezi kujizuia na inamkera. Wale wanaojisifu barazani kwamba wanakwenda saa nzima, waache na kahawa yao. Utafiti uliochapishwa 2005 uliwapima wanaume wa nchi tano kwa saa ya kuhesabia sekunde, na nusu yao hawakufika dakika sita.

Fanya hivi: ukihisi yanakaribia, simama kabisa, usitikisike, mpaka hamu ishuke, nusu dakika hivi. Kisha endelea. Rudia mara tatu, ya nne jiachie. Mbinu hii daktari James Semans aliiandika tangu 1956. Ila mwambie mkeo mapema, asije akadhani umemchoka.

*Dokta, Darajani nimeuziwa unga wa kuchanganya na asali, nimeahidiwa dakika arubaini. Na supu ya pweza je?*

Pweza kunywa kwa raha zako, hata mimi Forodhani napita. Ni chakula, si dawa ya kuchelewesha. Unga ndio unaonitia wasiwasi: kichupa hakina jina, kipimo wala tarehe. Unga wa namna hii umeshakutwa mara nyingi, ukipimwa maabara, umetiwa kwa siri dawa ya kusimamisha uume. Mwenye dawa za moyo za nitrati anaweza kuanguka presha vibaya. Na tramadoli, dawa ya maumivu wanayopeana vijana, hiyo ni uraibu mtupu.

*Mume wangu kapewa krimu ya ganzi. Sasa mimi ndiye sihisi kitu! (Mama, Mkoani)*

Pole bibi, nimecheka kidogo, unisamehe. Krimu ya lidokeini inafaa, tatizo ni upakaji. Apake kidogo kichwani mwa uume, asubiri dakika kama ishirini, kisha aoshe vizuri au avae kondomu.

*Nina miaka 52. Zamani sikuwa na tatizo, mwaka huu namaliza haraka na uume unalegea.*

Mzee wangu, iliyoanza ukubwani ina chanzo chake. Anayehofia kulegea hukimbilia kumaliza, kwa hiyo tunatibu kulegea kwanza. Pima sukari na presha. Mkojo ukiuma, tezi dume iangaliwe. Vidonge vya kuchelewesha vipo: dapoksetini humezwa saa moja hadi tatu kabla ya tendo, paroksetini kila siku, na hiyo haiachwi ghafla. Vyote kwa cheti cha daktari.

Ukiona haya kusema, andika kwenye karatasi "namaliza mapema", umpe daktari. Mimi nimeshapewa nyingi. Nasoma, nakunja, natia mfukoni, kisha nauliza kuhusu usingizi.