Insha 120, zote sura moja

Ndugu yangu, unalalamika insha 120 za wanafunzi wako zimekuja zinafanana. Mimi kosa naliona kwenye swali kwanza. Niliwahi kuuliza "Eleza umuhimu wa karafuu kwa uchumi wa Zanzibar", nikaletewa mpaka makosa ya tahajia yaleyale! Mwaka uliofuata nikawatuma mashambani hapa Pemba: kaa na mchumaji mmoja, hesabu karafuu zake zimeanikwa siku ngapi, ueleze anapoteza nini mvua ikimkuta na majamvi nje. Hapo pa kunakili hapana. Vigezo vya alama wape pamoja na swali lenyewe, si baadaye. Halafu muite kila mmoja dakika tano akusimulie alichokiona. Jumla ni saa kumi, zinachosha wallahi. Zigawe siku tatu.