Daktari wa Mifugo Anajibu: Kipimo cha damu cha saratani ya mbwa

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa Buswelu, nimesomea maabara. Nimesikia Marekani kuna kipimo cha damu kinachogundua saratani ya mbwa kabla uvimbe haujaonekana. Nataka kukileta Mwanza, nianze na mbwa wa ulinzi wa Capri Point na Isamilo, kila mbwa apimwe mara moja kwa mwaka. Ndugu wako tayari kuchanga mtaji. Je, kuna soko?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wateja utawapata. Ila kabla ndugu hawajatoa hela, fikiria mbwa atapelekwa wapi siku majibu yakitoka kuwa anayo.

Vipimo hivyo vipo kweli. Nu.Q wa kampuni ya Volition, iliyoshirikiana na Chuo Kikuu cha Texas A&M, uliingia sokoni mwaka 2020. Unapima nyukliosomu, yaani vipande vya DNA vilivyoshikana na protini, ambavyo huongezeka kwenye damu seli zikifa kwa wingi. Ndiyo maana hata maambukizi makali yanaweza kuupandisha, na mbwa akitoka kula majibu hayaaminiki. OncoK9 ya PetDx, kampuni ya San Diego, ilianza kuuzwa 2021. Yenyewe ilikuwa inasoma DNA inayoelea kwenye damu. Katika utafiti wa mbwa zaidi ya 1,000 uliochapishwa 2022, iliwabaini asilimia 54.7 ya wenye saratani, na asilimia 98.5 ya wasio nayo ikawapa jibu sahihi.

Sasa chukua kalamu. Tuseme umepima mbwa 1,000 wanaoonekana wazima, na 20 kati yao wana saratani iliyojificha. Hiyo 20 naitoa kwa mfano tu. Utawapata 11, na tisa watarudi nyumbani wakiambiwa wako salama. Kwa wale 980 wasioumwa, kama 15 wataambiwa wanaumwa. Kwa hiyo utawapigia simu watu 26, na zaidi ya nusu yao utawatia hofu bure. Huko Marekani mbwa wa namna hiyo anapelekwa kupigwa picha za ndani na kukatwa kipande cha nyama kwa uchunguzi. Hapa Mwanza utamwambia mwenye mbwa aende wapi? Kumpa mtu habari nzito halafu ukamwacha nayo mlangoni, mimi siwezi kukubali.

Hesabu inabadilika ukichagua wa kuwapima. Rottweiler au German Shepherd aliyevuka miaka saba yuko kwenye hatari kubwa kuliko mtoto wa mbwa wa mwaka mmoja, hivyo anzia kwa wazee. Pia usitegemee maabara moja ya ng'ambo: PetDx yenyewe, pamoja na utafiti wote ule, ilifunga mwaka 2024.

Saratani ninayokutana nayo sana huku kwetu haijifichi: ni ile ya sehemu za siri, inayohama mbwa kwa mbwa wakipandana. Jike anachuruzika damu ukeni wiki baada ya wiki, mwenye mbwa anadhani yuko kwenye joto. Ukimfungua uke unakuta kinyama chekundu kinachomeguka ukikigusa. Nakigandamiza kwenye kioo, napaka rangi, naweka chini ya darubini: seli za mviringo zimetapakaa, ndani yake vitundu vidogo vyeupe vimejipanga mstari. Jibu napata palepale. Dawa ni vinkristini, sindano ya mshipani mara moja kwa wiki, na wengi hupona ndani ya wiki chache. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, kwa hiyo isichomwe na mtu asiye daktari.

Kwa taaluma yako ya maabara, mtaji huo nunua darubini nzuri, mashine ya kuzungusha damu na friza yenye umeme wa akiba. Madaktari wa mifugo wa Nyakato, Igoma na Nyegezi wakuletee vioo uvisome, na vipande vya nyama vigumu kuvitambua uvitume SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro. Hiyo huduma tunaihitaji leo. Ukishazoea kutenganisha plazma, yaani maji ya damu yasiyo na seli, mapema na kuigandisha bila kuiharibu, ndipo uongeze kipimo cha damu kwa mbwa wazee, kwa makubaliano na daktari atakayeendelea na mgonjwa. Kabla ya kuagiza chochote, pita ofisi ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) ya hapa Mwanza na uwaandikie Baraza la Veterinari, wakueleze vibali unavyohitaji. Njoo na mchanganuo wako, tutaupitia pamoja.

SWALI: Daktari, jike wangu yuko kwenye sindano za huo ugonjwa wa kuchuruzika damu, na wajukuu wanamchezea. Hauwezi kuwaambukiza? Bibi wa Kirumba.

JIBU: Hapana bibi, hauwapati watu. Seli zenyewe za saratani ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja kwenda kwa mwingine, hasa wakati wa kupandana, na pengine kwa kulambana. Cha kuangalia ni dawa, maana inatoka kwenye mkojo na kinyesi. Siku chache baada ya kila sindano vaa glavu unaposafisha, watoto wakae mbali na hapo, na jike afungiwe asikutane na madume mpaka daktari aseme amepona.