Kufuta gemu Steam bila kupoteza ulipofikia

Mkuu, umeuliza kama ukifuta gemu kwenye Steam, ile programu ya kununua na kucheza gemu za kompyuta, ili diski ipate nafasi utapoteza ulipofikia. Inategemea unafuta nini. Gemu moja ina vitu vitatu vinavyokaa mahali tofauti: haki ya kuicheza, ambayo iko kwenye akaunti yako, mafaili ya gemu yenyewe, yaliyo kwenye diski, na sevu, yaani mafaili yanayokumbuka ulipoishia.

Kinachokula nafasi ni mafaili ya gemu. Bofya jina lake kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia "Manage", kisha "Uninstall". Gemu itabaki kwenye laibrari, yaani orodha ya gemu zako, jina limefifia, na achivumenti (alama za mafanikio) zako hazitaguswa maana ziko kwenye seva za Steam. Kama kero ni laibrari kujaa majina tu, tumia "Hide this game". Haifuti kitu, na utaikuta kwenye menyu ya "View", sehemu ya "Hidden Games". Kuna njia ya tatu, ya kuondoa gemu kwenye akaunti moja kwa moja kupitia Steam Support. Hiyo achana nayo. Haikupi nafasi zaidi ya ile ya "Uninstall", na kama gemu ilikuja ndani ya kifurushi, wenzake wa kifurushi hicho wanaondoka nayo.

Kwenye sevu ndiko watu wanakoumia. Wengi wanaamini Steam Cloud, yaani hifadhi ya sevu kwenye seva za Steam, inabeba kila kitu. Haibebi. Fungua ukurasa wa gemu dukani uangalie kama "Steam Cloud" imetajwa kwenye orodha ya sifa zake. Isipotajwa, sevu iko kwenye kompyuta yako peke yake. Hata ikitajwa, sevu hupandishwa baada ya kufunga gemu. Bando likiwa limekata wakati huo, kilichoko kwenye seva ni cha zamani. Washa intaneti, subiri alama ya wingu ionyeshe imemaliza, ndipo ufute.

Mimi ningekushauri ukopi sevu kwa mkono hata kama wingu lipo. Bonyeza Windows na R, andika %appdata%, utafika folda ya Roaming; ukipanda ngazi moja utaona Local na LocalLow. Sevu ya Stardew Valley iko Roaming, folda ya StardewValley\Saves. Hollow Knight iko LocalLow, ndani ya Team Cherry. Terraria na Skyrim ziko Documents\My Games. Elden Ring iko Roaming, lakini sevu yake imefungwa kwenye namba ya akaunti yako, kwa hiyo ukiipeleka kwenye akaunti nyingine haifunguki. Euro Truck Simulator 2 inachanganya wengi: profaili ya kawaida iko Documents\Euro Truck Simulator 2\profiles, ila uliyoiwekea Steam Cloud iko ndani ya folda ya Steam, userdata, namba ya akaunti yako, 227300 (namba ya gemu hiyo), remote. Ukikopi ya Documents pekee unaweza kuwa umebeba folda isiyo na sevu yako. Kopi folda nzima, sio faili moja, uweke kwenye fleshi au diski nyingine.

Kile kipengele cha Steam cha "Back up" kinahifadhi mafaili ya gemu ili usipakue GB 60 upya. Sevu hakikuhakikishii. Na kama una diski ya pili, kuhamisha ni bora kuliko kufuta: "Settings", "Storage", weka tiki kwenye gemu, bonyeza "Move".

Siku ya kurudisha, usikimbilie kufungua gemu. Isakinishe, ingia "Properties", "General", zima Steam Cloud. Rudisha folda ya sevu mahali pake, fungua gemu, hakikisha unaona ulipoishia, funga. Ndipo uwashe wingu. Ukiruka hatua hizi, gemu inaweza kutengeneza sevu mpya tupu, na hiyo tupu ikapanda juu ya ile nzuri. Steam ikikuuliza uchague kati ya sevu ya kompyuta na ya wingu, soma tarehe zote mbili kwanza. Dirisha hilo likifungwa kwa haraka ndipo saa 80 za kucheza zinapopotea.

Kwa gemu za Microsoft Store kuwa makini zaidi. Nyingi huweka sevu ndani ya AppData\Local\Packages, na Windows hufuta folda hiyo pamoja na gemu. Huko kopi lazima itangulie, ukishafuta hakuna cha kukopi.