Ssese kwa wawili: siku nne za mtumbwi, msitu na baiskeli

Mkuu, umeuliza wewe na mkeo mfanye nini visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, kwa siku nne, maana hamtaki kushinda hotelini mkingoja chakula, na mfuko si wa Zanzibar. Inawezekana kabisa. Ila jambo moja lishike kabla hujapanga lolote: kule ratiba inapangwa na ziwa. Asubuhi iwe ya maji, mchana uwe wa msitu na barabara, jioni rudini kambini mapema. Watu wengi wanaorudi wakilalamika kwamba Ssese "hakuna kitu" ni wale waliotaka kwenda majini saa tisa alasiri, wakakuta mawimbi, wakakaa.

Sababu ni hii. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo unavuma kutoka pande zote kwenda katikati ya ziwa. Hewa inakutana huko, inapanda, na mvua ya radi inanyesha usiku wa manane hadi alfajiri. Mchana mambo yanageuka: jua likishapasha ardhi, kuanzia kama saa tano upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na kufikia alasiri mawimbi yanakuwa makubwa kwa mtumbwi mdogo. Nafasi nzuri inabaki kati ya saa moja na nusu na saa tano asubuhi. Mkiamka mkaona wingu jeusi limekaa juu ya maji, au mkasikia ngurumo, msitoke. Ngojeni nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, ndipo mfikirie tena.

Kuhusu majira, miezi ya Machi hadi Mei na ile ya Septemba hadi Desemba ina mvua nyingi. Januari na Februari ndiyo bora. Juni hadi Agosti ni kavu, lakini upepo wa kusini huwa mkali, hivyo chagueni kulala upande uliokingwa na kilima. Angalia pia kalenda ya mwezi. Wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi juu ya maji hutoka kwa wingi zaidi siku za mwezi mwandamo. Hawaumi, lakini wataingia puani, kwenye chai na kwenye taa. Mkipanga safari iangukie mwezi mpevu, mnawapunguza, na jioni mnapata mwanga wa kutembea ufukweni.

Kufika kuna njia mbili. Kutoka Entebbe, MV Kalangala huondoka gati la Nakiwogo saa nane mchana na kufika Lutoboka, kwenye kisiwa kikuu cha Bugala, baada ya kama saa tatu na nusu. Kurudi huondoka Lutoboka saa mbili asubuhi. Meli hii imewahi kuondolewa safarini kwa matengenezo, kwa hiyo ulizeni siku moja kabla, msiende Nakiwogo na mabegi kwa imani tu. Njia ya pili ni Masaka hadi Bukakata, kama kilomita 40, kisha kivuko hadi Luku, kwenye kisiwa hichohicho cha Bugala. Kivuko hicho ni bure kwa watu na magari, kinavuka chini ya saa moja, na mchana kinakwenda na kurudi mara kadhaa. Kama mnatoka Mbarara au mna gari, sioni sababu ya kwenda Entebbe. Tatizo la Luku ni kwamba mji wa Kalangala bado uko mbali, kwa hiyo mpangane na bodaboda au taksi kabla ya jioni.

Sasa mitumbwi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapofia. Visiwa ni 84, na kishawishi cha kurukia kisiwa kingine ni kikubwa. Novemba 2018 chombo cha starehe MV Templar kilizama karibu na pwani ya Mukono, wakafa watu zaidi ya 30. Kilikuwa kimejaza kupita kiasi. Mtumbwi wa mbao si hatari kwa sababu ni wa mbao. Hatari ni mzigo, injini na haraka.

Kabla ya kulipa, simameni mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, muukague mtumbwi. Jaketi za kujiokolea ziwe mbili zenu, mkononi, zivaliwe palepale na zifungwe. Kifungo cha mkanda kikikatika, hiyo si jaketi tena. Mkanda ukishafungwa, mwenzako akunyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, litakutoka majini. Mkishapanda nyote na mizigo, ukingo wa mtumbwi ubaki juu ya maji kwa urefu wa kuanzia kiwiko hadi vidole, si chini ya hapo. Ndani kuwe na makafi mawili na kopo la kukumbia maji. Maji kidogo sakafuni ni kawaida kwa mbao. Yakiongezeka mkiwa bado mmefungwa mwaloni, kataeni.

Injini nyingi za wavuvi ni za petroli iliyochanganywa na oili, kwa kawaida lita moja ya oili kwa lita 50. Oili ikipungua injini inakamata. Ikizidi plagi inachafuka na injini inazimika katikati ya ziwa. Muulize nahodha kama ana plagi ya akiba na spana yake. Nahodha mzuri hatakasirika, atakuonyesha. Mafuta yagawanywe mafungu matatu: fungu moja la kwenda, moja la kurudi, moja lisiguswe. Hapa ndipo mabishano ya bei yanapowaponza wageni: ukikandamiza bei sana, anayekatwa si nahodha, ni lile fungu la tatu.

Mkiwa ndani, kaeni chini na katikati, mmoja mbele kidogo ya mwenzake. Kosa la wapenzi wengi ni kukaa ubavu mmoja ili wapige picha pamoja. Mtumbwi unalala, wimbi moja la pembeni linaingia. Picha zipigwe mkishafika. Simu ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na mtu wa kambini ajue mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi.

Kayaki ya watu wawili, pale mnapoikuta, ni rahisi kuliko inavyoonekana, ila ina siasa zake za ndoa. Aliye mzito akae nyuma, yeye ndiye anayeongoza. Wa mbele ndiye anayetoa mdundo wa kafi, wa nyuma anamfuata. Wa nyuma akianza kupiga kwa mdundo wake, makafi yanagongana na lawama zinaanza. Anzeni kwenda kinyume na upepo mkiwa na nguvu, ili mkichoka upepo uwarudishe. Asubuhi sana upepo wa nchi kavu bado unaweza kuwasukuma nje bila ninyi kuhisi, kwa sababu karibu na ufuko maji yanaonekana yametulia. Msipite mita 100 au 150 kutoka ufukweni. Ikipinduka, shikeni chombo, msikiache mkaogelea; chombo kinaonekana kwa mbali, kichwa cha mtu hakionekani.

Kuogelea: hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ziwa Victoria lina kichocho. Minyoo wake wanatoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, hata kama huna kidonda. Konokono wanapenda maji yaliyotulia yenye matete na magugu, na karibu na miji ya wavuvi ambako vyoo ni haba. Kwa hiyo ghuba nzuri iliyojaa majani, inayopendeza kwa picha, ndiyo mbaya zaidi. Ufuko wa mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo, lakini si sifuri. Minyoo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa tano hivi hadi saa nane. Asubuhi mapema ni nafuu. Kujifuta haraka kwa taulo kunasaidia kidogo tu, usikutegemee. Na bafu ya kambini? Maji yakichotwa ziwani moja kwa moja asubuhi hiyohiyo ni kama kuogelea. Ulizeni kama yanakaa kwenye tangi siku nzima. Yakikaa zaidi ya saa 24 hadi 48 bila konokono, minyoo hao wanakufa.

Pia waulizeni wavuvi, si mhudumu wa mapokezi, kuhusu mamba na viboko mahali hapo. Mhudumu anauza ufuko. Mvuvi anajua nyavu zilichanwa wapi.

Mchana nendeni msituni. Kisiwa cha Bugala hakina simba wala chui wa kuwatoa jasho. Kuna tumbili, hondohondo, kasuku na vipepeo wengi. Vaeni suruali ndefu iliyoingizwa ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu hasa baada ya mvua. Mkiwakuta wamekatiza njia, pigeni hatua ndefu au mkimbie kidogo. Anayesimama kujikung'uta katikati ya msafara wao ndiye anayeumia. Chukueni kijana wa hapo awaongoze, hasa mkikaribia mashamba ya michikichi. Sehemu kubwa ya msitu ilifyekwa kwa mashamba hayo kuanzia miaka ya 2000, na ukiingia ndani yake kila mstari unafanana na mwingine, hujui ulikotokea. Karibu na ikweta giza halibembelezi. Kufikia saa kumi na mbili jioni muwe mmetoka chini ya miti.

Baiskeli inafaa sana, kwa kuwa magari ni machache. Barabara ya Luku hadi Mulabana kupitia Kalangala ni kama kilomita 66, na vilima vyake vinafuatana. Kwa wawili ambao si wazoefu, kilomita 20 hadi 25 kwa siku zinatosha, na anzeni kwa kupanda ili kurudi kuwe mteremko. Baiskeli za kukodi kagueni breki kwanza: kaza breki ya mbele, isukume baiskeli; gurudumu likizunguka, irudishe. Kwenye changarawe upepo wa tairi uwe pungufu kidogo kuliko wa lami, tairi gumu huteleza kwenye kona. Bebeni tyubu moja, viraka, pampu na lita mbili za maji kila mmoja. Lori la matunda ya michikichi likija, shukeni kabisa pembeni, kwani vumbi lake linamfunika dereva anayefuata na yeye hawaoni.

Uvuvi wa fimbo kutafuta sangara ufanyeni na nahodha mwenye vifaa. Mtumbwi uende mwendo wa mtu anayetembea, chambo bandia kiburutwe mita 20 hadi 30 nyuma, kando ya miamba inayoshuka ghafla. Kamba zenu mbili ziwe na urefu tofauti, la sivyo zinasokotana kwenye kila kona. Mmoja akinasa, mwenzake avute yake mara moja, hata kama hataki. Sangara wa chini ya sentimita 50 arudishwe majini. Kubaki naye ni kosa la kisheria, na doria ziwani hazina utani. Sato wa chakula nunueni tu mwaloni asubuhi.

Mkipiga hema, liwe mita 50 au zaidi kutoka majini na pasiwe na njia iliyokanyagwa kutoka ziwani kwenda kwenye majani, hiyo ni ya kiboko. Angalieni juu kama kuna tawi kavu. Taa izimwe mapema, mlango uelekee mbali na upepo. Chandarua chenye dawa ni lazima, maana malaria ipo mwaka mzima. Kama mnaishi mahali pasipo na malaria, ongeeni na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, kwani baadhi zinaanzwa siku moja au mbili kabla na kuendelea hadi wiki nne baada ya kurudi.

Mkiwa na siku ya tano, itumieni Entebbe mwende kisiwa cha Ngamba, makazi ya sokwe yaliyoanzishwa 1998, kama kilomita 23 kutoka bara. Mnawatazama wakilishwa mkiwa kwenye jukwaa, hamwagusi, na mwenye mafua asiende, sokwe huambukizwa magonjwa yetu. Wekeni nafasi mapema. Msipange ndege au kikao siku ileile mnayotoka kisiwani. Acheni siku moja wazi kwa ajili ya meli.

Mkirudi, andika kwenye simu tarehe ya mwisho mlipogusa maji ya ziwa. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, inaua minyoo waliokomaa tu, kwa hiyo ukiimeza wiki ya kwanza umepoteza dawa. Subirini wiki 6 hadi 8, kisha mwone daktari. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, humezwa baada ya kula: mwenye kilo 60 anahitaji 2,400, yaani vidonge vinne vya miligramu 600, na mwenye kilo 75 vitano. Homa ikitokea kabla ya hapo, kapimeni malaria siku hiyohiyo, na mwambieni daktari kwamba mlikuwa Kalangala na mliingia majini.